Kumlisha Maji Moto

Mkwezi yeyote wa pwani anawajua chungu waitwao maji moto kwa ngozi yake. Ukipanda mti wao wanakuvamia hadi shingoni. Wanauma, kisha wanamwagia tindikali palepale walipouma. Hata hivyo wapo wakulima wanaowatafuta kwa makusudi, na mimi nawastahi sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Michael Way alikuwa Zanzibar akichunguza kwa nini vidaka vya nazi vinapukutika. Mdudu mfyonzaji aliyehusika leo anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa jina la Way. Minazi iliyoshikwa na maji moto ilisalimika. Way aliwafuatilia pia kwenye mikarafuu, wakichunga wadudu gamba ili wanywe maji matamu yatokayo kwao.

Kumbe mwindaji huyu haishi kwa nyama tu. Nyama wanapelekewa mabuu, ndio wanaokua; watendakazi wanaopanda na kushuka mti kutwa wanaendeshwa na sukari. Mkorosho unawapa sukari hiyo kwenye majani machanga na mashada ya maua, na hapohapo ndipo mdudu aitwaye mbu wa mikorosho anapokuja kufyonza. Lakini chipukizi zikishakomaa na maua kuisha, chakula kinapungua, viota vinakauka bila kushonwa vingine, na msimu ukirudi walinzi hawatoshi.

Hapo mkulima anaingia kazini. Anafunga tawini kichupa cha maji ya sukari, kimezibwa kwa pamba ili wanyonye bila kuzama. Pembeni anaweka vipande vya samaki. Ugumu uko kwenye kipimo. Samaki akizidi, mabuu wanashiba na haja ya kuwinda inapungua. Sukari inawapa nguvu ya kuzunguka huku njaa ya nyama ikibaki palepale. Kwa maoni yangu, sukari ndiyo ya kutangulizwa, na samaki awe wa kuwavusha kipindi kigumu tu. Tena kichupa hakifyonzi mti, wadudu gamba wanaufyonza.

Kabla ya kuunganisha miti kwa kamba ili maji moto wavuke, mkulima fundi hukata vijiti viwili vyenye chungu, kimoja kutoka kila mti, na kuvigusanisha. Anainama na kutazama. Wakipapasana kwa vipapasio na kupishana, ni kundi moja, malkia wao mmoja; kamba inafungwa. Wakikamatana miguu na kuvutana, kamba hiyo ingeleta vita, na viota vingeteketezana shamba zima. Vilevile anachunguza shina chini, kwa sababu sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wakiwa wametawala ardhi pale, maji moto hawatadumu hata walishweje. Hao huondolewa kwanza, na kichupa kinafuata baadaye. Chipukizi mpya zikitoka na maji moto wakionekana wanaramba majani yenyewe, anavifungua vichupa, anaviosha na kuviweka ghalani.