"Eneo la kutokimbia": Tafsiri iliyowasimamisha wachezaji uwanjani

MAJUZI mwalimu mmoja wa michezo katika shule ya wasichana alinitumia karatasi mbili zilizopigwa chapa, pamoja na ujumbe mfupi: "Mwalimu, hebu tuangalilie hii. Watoto walicheza Ijumaa na nusura tukosane." Zilikuwa kanuni za mchezo ambao Wamarekani huuita 'flag football', zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Aliyezitafsiri hajulikani. Mwalimu alizipokea kutoka kwa mwenzake, naye mwenzake alizipata kwa simu.

Nilimpigia kumuuliza kilichojiri. Akanieleza kwamba timu moja ilipokaribia mstari wa mwisho, wasichana wote watano waliacha kukimbia wakaanza kutembea. Upande wa pili, ambao ulikuwa umeutazama mchezo huu kwenye video, uliendelea kukimbia na kuwapokonya ushindi. Zogo likazuka. Refa akafungua karatasi, na kweli, imeandikwa: "Yadi 5 kabla ya mstari wa goli ni eneo la kutokimbia."

"Sasa hao waliotembea walikosea wapi?" mwalimu akaniuliza. "Si walitii sheria?"

Kwa msomaji ambaye hajauona, huu ni mdogo wake futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki, ila humu hakuna kugongana wala kuangushana. Kila timu ina wachezaji watano uwanjani. Kila mmoja amejifunga mkanda kiunoni, na kwenye mkanda zinaning'inia tepe mbili. Mwenye mpira husimamishwa kwa kuchomolewa utepe mmoja. Kwa kipimo cha IFAF, shirikisho la kimataifa linalousimamia, uwanja una urefu wa yadi 50 na upana wa yadi 25, na kila mwisho umeongezwa eneo la kufungia la yadi 10. Huchezwa vipindi viwili vya dakika 20. Timu ikipata mpira hupewa nafasi nne za kuvuka mstari wa kati; ikivuka, hupewa nyingine nne za kufunga. Ikishindwa, mpira unahamia kwa wapinzani. Waliokua wakicheza tapo mitaani wataielewa nusu ya mchezo huu bila kusoma chochote.

Wala si mchezo wa kupuuzwa. Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuidhinisha uchezwe Los Angeles mwaka 2028, na wanaume na wanawake. Kwenye Michezo ya Dunia ya 2022 mjini Birmingham, Alabama, wanawake wa Mexico waliwalaza Wamarekani 39-6 katika fainali, tena kwao nyumbani. Watangazaji wetu watayahitaji maneno haya hivi karibuni, wapende wasipende.

Turudi kwa wale wasichana waliotembea. Katika Kiingereza cha mchezo huu, 'kukimbia' ni jina la mbinu: kumkabidhi mwenzako mpira mkononi aubebe mbele kwa miguu, badala ya kumrushia. Mpira ukianzia ndani ya zile yadi 5, mbinu hiyo imekatazwa, lazima urushwe. Lakini wachezaji wote wako huru kukimbia hadi wachoke. Mtafsiri, awe mtu au mashine, alilifungua kamusi, akalikuta neno, akalipachika. Neno ni sahihi kabisa, na kanuni imeharibika kabisa. Angeandika "eneo la kurusha tu" kusingekuwa na zogo.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo lililoleta ugomvi, ila kuna baya zaidi. Kila moja ya zile nafasi nne huitwa 'down' kwa Kiingereza. Mtafsiri akaona "chini". Kwa hivyo timu ina "chini nne", na nafasi ya mwisho imekuwa "chini ya nne". Hebu soma kifungu hiki kama mtu asiyejua Kiingereza: "Timu ikiwa chini ya nne na ikashindwa kuvuka, itapoteza mpira." Mimi ningeelewa kwamba wachezaji wakipungua, wakabaki watatu, ndipo adhabu inawapata. Ungefanya hivyo pia, hasa ukizingatia kwamba timu ina watu watano. Pendekezo langu ni kutenganisha mambo mawili: muda wote timu inapomiliki mpira tuuite "zamu", na kila nafasi ndani ya zamu tuiite "jaribio". Zamu huanza na majaribio manne. Jaribio la nne likifeli kabla ya kuvuka, zamu imekwisha. Najua wapo watakaosema jaribio litachanganywa na lile bao la raga. Halitachanganywa, kwa kuwa mashabiki wa raga nchini walishaamua zamani kusema "trai" na hawarudi nyuma.

Kwa njia hiyohiyo ningelikopa jina la bao la mchezo huu, tuseme "tachidauni", lenye pointi 6. Karatasi inaliita "mguso wa chini". Kifungu cha 6 kinasema timu hufunga kwa mguso wa chini. Kifungu cha 9 kinasema mpira ukigusa chini mchezo unasimama. Mchezaji mwerevu atauliza: nifuate kipi? Katika raga lazima mpira ugusishwe ardhini, lakini hapa inatosha mwenye mpira kuuvusha mstari akiwa bado ameushika. Akiudondosha kabla, hakuna bao. Jina la asili lenyewe ni masalia ya enzi nyingine, na kulitafsiri ni kuyahamisha masalia hayo hadi kwetu bila sababu.

Je, na jina la mchezo wenyewe? Karatasi imeandika "kandanda ya bendera". Kandanda, jamani! Katika mchezo huu hakuna anayeupiga mpira teke hata mara moja. Na bendera kwa mpenzi wa soka ni ile ya msaidizi wa refa kando ya uwanja. Kiswahili kina desturi nzuri ya kuita michezo kwa chombo chake: mpira wa vikapu, mpira wa wavu, mpira wa pete. Mimi ningesema "mpira wa tepe". Nilipomtajia mwalimu, alicheka. "Watoto wenyewe wanasema mkia. 'Mchomoe mkia! Mkia!'" Nakiri ni neno tamu kuliko langu, na uwanjani litanishinda. Ila kwenye maandishi bado naona utepe unafaa, maana mkia ni mmoja na hizi ni mbili. Kitenzi "kuchomoa", hata hivyo, wamenipa wao na nimekichukua. Karatasi ilikuwa imesema "kumvua mpinzani", na sihitaji kueleza kwa nini hilo halifai kubandikwa ukutani katika shule yoyote.

Kifungu cha 11 nacho: "Ni kosa kulinda bendera." Mtoto wa Kenya husimama gwarideni bendera ikipandishwa, akafundishwa kuiheshimu na kuilinda, kisha akifika uwanjani anaambiwa hilo ni kosa. Tuache mzaha. Kosa linalokusudiwa ni mwenye mpira kuutumia mkono, kiwiko au mpira wenyewe kumzuia mwenzake asiufikie utepe. Tena katika karatasi hiyohiyo wanaotafuta kuuchomoa wanaitwa "walinzi". Anayelinda ni mlinzi, na aliyekatazwa kulinda ni mshambulizi! "Kukinga utepe" kunatosha. Vivyo hivyo "beki wa robo", anayedhaniwa yuko nyuma akizuia, kumbe ndiye kichwa cha mashambulizi. Mwite mrushaji.

Kuhusu vipimo sitakawia. Mtafsiri kaacha yadi mahali pengine, kwingine kaandika mita bila kubadilisha tarakimu. Mlinzi anayetaka kumwendea mrushaji mara mchezo unapoanza lazima aanzie yadi 7 kutoka kwenye mstari wa mpira. Mita 7 zinamrudisha nyuma sentimita 60 zaidi. Yadi si ngeni kwetu. Muulize muuza vitambaa, au mtangazaji anayesema mpira umeingia "ndani ya kumi na nane".

Lililonichosha zaidi ni kitenzi kidogo kilichotapakaa karatasi nzima: hawezi. "Mrushaji hawezi kuvuka mstari akiwa na mpira." "Mchezaji hawezi kumsukuma mwenzake." Mwalimu alinisimulia kwamba msichana mmoja aliyeitiwa kosa la kwanza alijibu, kwa adabu kabisa, "Lakini mwalimu, nimeweza." Na alikuwa na hoja. Kuweza katika Kiswahili ni uwezo kwanza. Ruhusa huja baadaye, na msomaji huibahatisha. Lugha ya kanuni haifai kubahatishwa. Tunalo "haruhusiwi", tunalo "ni marufuku". Hata "hapaswi" ni legelege, kwani linanasihi zaidi ya linavyokataza, na refa hawezi kupuliza filimbi kwa nasaha.

Nimemrudishia mwalimu karatasi zake zikiwa nyekundu. "Hawezi" zote nimezifuta isipokuwa moja, ya kifungu cha mwisho, kinachohusu mchezaji aliyeumia ambaye hawezi kuendelea na mchezo.