Mguu Kwanza, Kalamu Baadaye

Karurumo, upande wa Runyenjes, yuko mwalimu wa kwaya ambaye haandiki noti hata moja kabla ya kutembea. Akiletewa wimbo wa kina mama wa kijijini, huuimba akizunguka chumba, akisikiliza kisigino kinatua kwenye silabi ipi. Ndipo huandika juu ya karatasi: 6/8.

Namba hizo mbili ni nusu ya utunzi. Mapigo madogo sita ukiyafunga mawili mawili, umepata 3/4. Ukiyafunga matatu matatu, 6/8. Sauti ni zile zile, muda ni ule ule, lakini wimbo si ule. Nyimbo nyingi za huku huchanganya yote mawili, makofi yakienda tatu na miguu ikienda mbili, na mwandishi hana budi kuchagua ni nani aongoze. Mwalimu huchagua miguu. Namuunga mkono: hata wapiga ngoma wa Chuka, majirani zetu, hubana ngoma mapajani, wakapiga na kucheza kwa pamoja.

Halafu kuna maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. “Tunakushukuru” uzito wake uko kwenye “ku” ya mwisho. Ukiweka mstari wa kipimo pabaya, uzito unaiangukia “tu”, na kanisa zima linashukuru kwa lafudhi ya mgeni. Mwalimu hufuta, akatanguliza silabi za mwanzo kabla ya mstari, akaimba tena, akafuta tena. Nimeona karatasi yake ikitoboka kwa kifutio.

Kuchagua mwendo hivi si jambo la kanisani tu. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki, akina Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilichukua wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, ikautengenezea mwendo wa wimbo wa taifa la Kenya. Huo ulikuwa uamuzi, watu waliketi wakaupima.

Siku hizi programu ya kompyuta hufunguka na 4/4 imeshaandikwa, na vijana wanaiacha hapo hapo. Mdundo wa tatu unasongwa ndani ya nne, kila kifungu kikivishwa kijitatu kichwani, alama ya mapigo matatu mahali pa mawili. Anayenakili anachoka na vile vijitatu, anaviacha, na wimbo wa mavuno unageuka gwaride. Kwaya ya shule inaupeleka kwenye tamasha la muziki ukiwa hivyo. Aliyeujua kwa mwili wake hayupo jukwaani kuwasahihisha, na majaji wameshika karatasi ile ile.