Swali la Karani na Hesabu ya Walemavu

Hesabu ya watu hufuata swali lililoulizwa. Katika sensa ya mwaka 2002, watu 2 tu katika kila 100 wa Tanzania walihesabiwa kuwa walemavu. Uchunguzi wa mwaka 2008 uliwatazama wenye miaka 7 na zaidi, ukapata 7.8 katika kila 100. Je, ulemavu uliongezeka hivyo kwa miaka sita? Twaona sivyo. Kilichogeuka hasa ni swali.

Mzee wa hapa Mkwajuni asiyeweza kutunga uzi katika sindano hatasema, “Mimi ni mlemavu.” Atasema, “Ni uzee tu.” Lakini aulizwe kama aona kwa shida, atajibu kweli. Ndivyo ilivyoulizwa mwaka 2008: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuzungumza na wengine.

Njia hiyo twaisifu, ila ina kasoro mbili. Kwanza, mara nyingi mkuu wa nyumba huwasemea wote, naye aweza kumficha mtoto kwa haya. Pili, wenye shida ndogo wakiingizwa, jumla hupanda; wakiachwa, hushuka. Basi hesabu isiyotaja kipimo chake ni nusu ya habari.

Wala jambo hili si la makarani peke yao. Mtoto asiyehesabiwa hatengewi nafasi shuleni. Karani akibisha hodi, tusimfiche mtu. Naye asiulize jina la ulemavu, aulize shida yenyewe.