Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Wageni wa hoteli za Utende, kisiwani Mafia, hula chakula cha usiku mapema kuliko sisi. Saa moja na nusu meza zimekwisha kuandaliwa, taa zimepunguzwa mwanga, na upepo wa Ghuba ya Chole unapita chini ya makuti. Usiku ninaousimulia, baada ya supu na kabla ya samaki, waliingia wanawake wa kijijini pamoja na wapigaji wao. Msondo ulitangulia, vumi likaitikia, kisha chapuo ikaanza kusema kwa haraka. Wanawake wakajipanga, madera yamewafunika hadi miguuni, kanga zimefungwa kibwebwe. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, bibi mwenye wajukuu, na ndiye aliyenifanya nisahau sahani iliyokuwa mbele yangu.

Hakufanya mengi. Nyayo zake hazikunyanyuka. Zilitambaa sakafuni kidogo kidogo. Kichwa kimetulia, mabega yametulia, uso hauna tabasamu la kuomba chochote. Kilichocheza ni kiuno, nacho kilicheza kwa akili. Kilifuata msondo kwa utulivu, halafu kikauacha na kuifuata chapuo, halafu kikarudi chini kwenye pigo zito kana kwamba hakijapata kuondoka. Kuna pahali ngoma ilipopanda na kila mtu akangojea mzunguko mkubwa; yeye akasimama kimya, akaliacha pigo lipite, akalipokea linalofuata. Mpiga msondo alicheka kwa furaha. Alijua amepata mwenzake.

Wasichana waliokuwa pembeni mwake walikuwa na nguvu kumshinda. Walitikisika mwili mzima, wakajipinda, wakawafuata wageni mezani na kuwavuta mikono waje wacheze. Simu zikainuliwa, picha zikapigwa. Bibi hakupigwa picha hata moja. Samaki walipoletwa, msimamizi aliwaashiria wapigaji, ngoma ikakatika katikati ya wimbo, na wanawake wakatoka kwa mstari kupitia upande wa jikoni.

Nimeona ngoma nyingi, lakini ile iliyokatwa kwa ajili ya samaki inanisumbua mpaka leo.

Anayeona kiuno kinazunguka hudhani ni kitu cha kuzaliwa nacho, kwamba mwanamke wa pwani huota na mchezo huo mwilini. Si kweli. Ni kazi inayofundishwa, na hufundishwa kwa ukali. Somo yangu, aliyetufunda unyagoni, alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, mwenye mikono migumu ya kusuka ukili. Alitusimamisha chumbani mmoja mmoja juu ya mkeka, akaweka viganja vyake juu ya mabega yetu, akamwambia aliyeshika ngoma aanze. Bega likitikisika, hata kwa pumzi, alilibana na ngoma ikasimama. Tunaanza tena. Bega likitikisika, tunaanza tena. "Kiuno kinasema," alikuwa akituambia, "mabega yasipate habari."

Kwa muda mrefu sikuona maana ya adhabu ile. Nilitaka kucheza, naye alitaka nisimame. Niliielewa nilipokuwa mkubwa, nikiwatazama wanawake kwenye harusi. Yule anayetikisa kila kiungo hana siri. Ukimtazama mara moja umemmaliza. Yule aliyetulia juu na kucheza chini anakufanya umtazame mpaka ngoma ivunjike, kwa sababu hujui atakalofanya. Somo alikuwa anatufundisha kujitawala, na kiuno kilikuwa ubao wake wa kuandikia. Alitaka binti atoke pale akijua kwamba mwili wake ni wake, kwamba anaweza kuuamrisha, na kwamba kuna pahali pa kuuonyesha na pahali pa kuusitiri. Mengine ya chumba kile hayaandikwi, nami sitayaandika.

Kwa hiyo usiku ule, ngoma ilipokatwa, nilizunguka nyuma ya jiko nikamkuta bibi amekaa kwenye msingi wa ukuta, anafungua kibwebwe chake. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisogezea nafasi. Nikamuuliza kama haoni vibaya kucheza mbele ya watu wanaokula.

"Mwanangu, mtu kula si ubaya. Harusini watu hawali? Ubaya ni kutuita kabla hatujapasha moto na kututoa kabla hatujaanza."

Nikamuuliza kuhusu ya unyagoni. Akanitazama sana.

"Yale tumeyaacha ndani. Hapa tunaleta ya uani tu."

Kauli hiyo ilinipa heshima kubwa kwake. Katika mgahawa ule, ambako hakuna hata mmoja ambaye angejua tofauti, yeye bado alikuwa akitenganisha ngoma ya wanawake peke yao na ngoma ya halaiki. Hakuna aliyemlipa kwa kuutunza mpaka huo, na hakuna ambaye angemshitaki kama angeuvuka.

Mafia ni kisiwa kinachojua uzito wa kumchezea mgeni ngoma. Wazee wa hapa husimulia habari za miji miwili ya kale, Kua iliyoko Juani na Kisimani iliyomezwa na bahari. Watu wa Kisimani, wasema, waliwaalika watu wa Kua kwenye kushusha jahazi, wakawalaza watoto wa wageni wao mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi, na burudani ikaendelea huku wenyeji wakitoka mmoja mmoja, mpaka akabaki mzee mmoja tu wa kuwashughulisha wageni wakati mlango unajengwa kwa mawe. Ni hekaya ya kutisha, na magofu ya Kua yangali yamesimama kuikumbusha. Ninachokisikia ndani yake ni kwamba zamani hapa, karamu na ngoma vilikuwa ahadi nzito kiasi kwamba kuvivunja kulikuwa sawa na kuua.

Ngoma ya kiuno kutoka uani kwenda mezani si jambo lililoanzia Utende. Kule Mombasa, chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake harusini kabla ya kuingia kwenye magitaa. Them Mushrooms, bendi iliyoanza mwaka 1972, ilijijenga kwa kupigia wageni katika hoteli za pwani ya Kenya, na mwaka 1982 ikatoa wimbo "Jambo Bwana" uliozunguka dunia nzima; mdundo wa chakacha ulikuwa sehemu ya chakula chao cha kila siku. Mbali zaidi, Cairo, Badia Masabni alifungua ukumbi wake mwaka 1926 na kuitoa raksi, ngoma ya kiuno ya Kimisri, kwenye nyumba na mitaa kuipeleka jukwaani mbele ya meza za watu. Kwake walipita wachezaji Tahia Carioca na Samia Gamal, na Wamisri wakawajua kama wanavyowajua waimbaji wao. Edward Said, mwanazuoni mkubwa wa Kipalestina aliyekulia Cairo, aliandika mwaka 1990 makala ya kumsifu Tahia Carioca, aliyemwona akicheza alipokuwa kijana. Hakuona haya kuweka elimu yake mbele ya mcheza ngoma.

Kwetu aliyefikia heshima hiyo ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja. Huyu alikuwa kungwi aliyefunda mabinti na kuupiga msondo wa unyago kwa mikono yake, na dunia ya muziki ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, taifa lilimlilia. Lakini niwaulize wanaomtaja: tulimsifu kwa sauti na kwa umri, je, ni wangapi tuliokwenda kukaa mkekani kujifunza alichokuwa akikijua? Hata Mafia yetu, aliyeandika mwaka 1976 juu ya unyago wa mabinti wa kisiwa hiki alikuwa mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Pat Caplan, aliyefika kijiji cha Kanga mwaka 1965. Namshukuru. Ila naona uchungu kwamba mgeni alikaa akasikiliza, na sisi tuliozaliwa humu tulikuwa na haraka.

Tazama kinachopungua. Ngoma ya ngozi inataka moto. Huku kwetu hewa ya bahari hulegeza ngozi, na mpigaji asiyeipasha ngoma yake kwenye moto wa makumbi anapiga kitu kisicho na sauti. Hotelini moto haukaribishwi karibu na makuti, na ni haki, kwa kuwa paa likishika hakuna wa kuliokoa. Hakuna, hata hivyo, aliyefikiria kuwatengea wapigaji pahali pa kuwashia moto upande wa ufukweni. Basi msondo unapigwa ukiwa baridi, na mchezaji anaisaka sauti ambayo ngozi haiwezi kuitoa.

Wimbo nao umekatwa. Ngoma ya wanawake huanza polepole kwa makusudi: anayeimba anatupa fumbo, wanaoitikia wanalipokea, wanaohusika wanashituka, na kiuno kinaanza kujibu kile ambacho mdomo hauwezi. Bila waelewa wa fumbo, kiuno kinajibu nini? Kinabaki kuzunguka tu. Ndiyo sababu wasichana wale walitikisika sana. Walikuwa wakitafuta kwa nguvu mwitikio ambao hadhira haikuwa na njia ya kuutoa. Siwalaumu. Hawajapata kucheza mbele ya mashangazi wanaojua.

Na hapo ndipo lawama inaporudi kwetu. Mgeni aliyekuja kuogelea na papa potwe hajatunyang'anya ngoma. Tuliiacha wenyewe, naye akaikuta uani imekaa peke yake. Nenda kwenye harusi Kilindoni, nenda Kirongwe, nenda Baleni. Utakuta spika mbili zilizopangwa kama kabati, kijana mwenye kompyuta, na sauti inayowanyima wazee hata nafasi ya kuamkiana. Bibi wa Utende anaalikwa kwenye harusi hizo. Anapewa kiti na pilau, haombwi kuinuka. Mwaka mzima anasuka mikeka, na akitaka kucheza ile kazi aliyofundishwa ujanani, lazima aende kwa watu wasiomjua lugha wala jina.

Wapo watakaosema ngoma hizi ni za aibu, afadhali zife. Nawasikia, na najua wametoka wapi. Katika kumbi za starehe za miji yetu kiuno kimevuliwa kila kilichokisitiri. Baikoko, ngoma ya watu wa Tanga, ilipopandishwa majukwaani Dar es Salaam wengi waliijua kwa kashfa kabla hawajaijua kwa mdundo. Lakini aibu ile imeingia pale somo alipotoka. Mabinti waliofundwa walifundwa pia kujizuia. Tukamwondoa mfundaji, tukabakisha mtikisiko, kisha tukashangaa mtikisiko hauna adabu.

Mwaka 1995 Mafia ilipata hifadhi ya bahari, ya kwanza katika nchi yetu. Matumbawe yana ulinzi wa sheria, kasa wana walinzi wa mayai yao, na ni jambo jema sana. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, na wahitimu wake wanacheza ngoma za makabila mengi jukwaani. Lakini ngoma ya uani haihifadhiwi kwa mipaka ya ramani, wala haijifunzwi yote chuoni. Inaishi kwenye viganja vya mwanamke mmoja juu ya mabega ya binti mmoja. Wanawake hao wanazeeka, na wakiondoka wanaondoka nayo.

Kwa wenye hoteli ninalo ombi dogo. Wapeni wanawake hawa saa nzima baada ya chakula, wageni wakiwa wamemaliza kula na wamegeuza viti. Watengeeni pahali pa moto. Mtafuteni mtu wa kueleza wimbo unasema nini kabla haujaanza. Na malipo yawafikie mikononi wao wenyewe, kila mmoja kwa kazi yake, wazee wakilipwa kwa elimu waliyo nayo.

Kwa sisi wa visiwani ombi ni kubwa zaidi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na utuzaji ule haukuwa noti peke yake. Ulikuwa kigelegele, kanga iliyotupwa begani, jina lililotajwa kwenye wimbo. Ukiwa na binti wa kuoza mwaka huu, zima spika usiku mmoja. Mwite somo wa mtaa wenu, mpelekee kuni na makumbi, waite mashangazi waitikie, na binti zako wawe pale watazame. Bibi wa Utende bado anaweza kucheza. Mwalikeni mapema, angali na nguvu za kufundisha.