Uchambuzi

Kwetu kijijini Vitongoji, kuchambua hufundishwa msimu wa karafuu. Unalikamata shada, unalisugua juu ya kiganja, karafuu zinadondoka na makonyo yanabaki mkononi. Bibi alikuwa akipitisha vidole juu ya jamvi baada yetu. Akikuta konyo, aliyeliacha aliitwa arudi akae chini.

Miaka mingi baadaye, katika maabara moja Dar es Salaam, nilikuta kazi ileile ikiitwa kwa jina lilelile: uchambuzi. Zilizokuwa zikichambuliwa ni sumukuvu, sumu za ukungu uotao kwenye mahindi na njugu zisizokauka sawasawa. Mwaka 2016 ziliwapata watu 68 huko Dodoma na Manyara, 20 wakafariki.

Katika ukoo wa sumu hizo, ndugu wanaosakwa ni wanne: B1, B2, G1 na G2. Chini ya mwanga wa urujuanimno, wa B hung'aa buluu, wa G kijani. B1 ndiye mbaya kuliko wote, mharibifu wa ini, naye anatofautiana na B2 kwa atomu mbili tu za haidrojeni. Moto wa jikoni hauwamalizi.

Njugu husagwa, hutikiswa katika methanoli na maji, huchujwa. Tone dogo husukumwa na pampu ndani ya neli ya chuma yenye urefu wa shibiri, iliyoshindiliwa chembe za silika zenye ngozi ya mafuta. Kila ndugu huyang'ang'ania mafuta hayo kwa tabia yake, na maji yenye methanoli yanamvuta. G2 hutangulia, kisha G1, kisha B2. B1 hutoka mwisho.

Napenda hasa hatua inayofuata. Majini, nuru ya B1 na G1 hufifia, kwa hiyo fundi huwapa iodini wakishatoka ili wang'ae. Asipofanya hivyo, mbaya wao hupita gizani. Na kumtambua B1 peke yake ni lazima: kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na 10 kwa wote wanne.

Siku ile pale maabara, vilele viwili kwenye mchoro wa mashine, kila kimoja cha ndugu mmoja, vilikuwa vimeegemeana. Fundi, dada mmoja mpole, hakukubali kukisia. Alipunguza methanoli, akasubiri, akasukuma tone jingine. Mara ya tatu, bonde baina ya vilele lilishuka hadi likagusa mstari wa chini. Hapo ndipo alipochukua kalamu.