Bika za Mpemba Ndani ya Friza ya Nyumbani

Anayetia maji ya bomba kwenye friza pale Horohoro, mkoani Tanga, mchana wa Februari anaanzia nyuzi 28 hivi. Kwa grafu ya Erasto Mpemba na Denis Osborne, iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, amechagua karibu pabaya kuliko pote. Maji yaliyoanzia nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanzia karibu na 90 yaliyaacha mbali.

Kisa chenyewe kinajulikana: shule ya Magamba, Lushoto, 1963, Mpemba akiwa mwanafunzi anagombea nafasi kwenye friji, anaingiza maziwa yakiwa moto, aiskrimu yake inatangulia kuganda. Wanaosahaulika ni wauza aiskrimu wa Tanga mjini, ambao mmoja wao alimwambia Mpemba kuwa wao hutia ya moto kwa makusudi. Hao walikuwa na jibu kabla ya Osborne wa chuo kikuu.

Tuje kwenye vifaa. Mpemba na Osborne hawakuwa na mtambo maalumu wa ubaridi. Walitumia friji ya kawaida ya nyumbani. Maji mililita 70, bika za Pyrex za mililita 100. Kioo hicho hutanuka kidogo sana kwa joto, ndiyo maana kinavumilia kutoka kwenye maji ya moto hadi kwenye baridi kali. Gilasi ya chai ingeweza kupasuka.

Lakini ufundi wenyewe uko chini ya bika. Waliziweka juu ya povu jeupe, la aina ile inayokinga televisheni ndani ya katoni. Bila povu, bika ya moto huyeyusha utando wa barafu ulio chini yake, kitako kinagusa bati tupu, na ubaridi unaingia kwa kasi ambayo bika ya baridi haipati. Povu liliifunga njia hiyo. Kisha walipofunika maji kwa utando wa mafuta, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Kumbe joto lilikuwa likitokea juu, usoni pa maji.

Hapo nawavulia kofia. Kwenye kupima nina shaka. Maji huweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, kwa hiyo “kuanza kuganda” ni alama inayoyumba. Mwaka 2016 Burridge na Linden, huko Uingereza, walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kuyapa maji ya moto ushindi wa uongo.

Mwalimu wa Horohoro anayetaka kurudia jaribio afunge vipimajoto kwa kimo kimoja, bika zote ziingie pamoja, maana ya moto ikiingia peke yake huifanya kompresa ing'urume muda mrefu zaidi. Waya zipitie kwenye mpira wa mlango, asomee nje, na wanafunzi wazuiwe kuchungulia.