Picha Zinapokwama Njiani: Uchambuzi wa Usawazishaji wa OneDrive katika Kompyuta ya Windows

Usawazishaji wa picha ni kazi ya kuhakikisha kwamba folda iliyomo ndani ya kompyuta na folda nyingine iliyomo katika seva, yaani mashine ya mbali ya kampuni inayotunza faili za wateja kupitia intaneti, zinabaki na vitu vilevile, ili badiliko lolote linalofanywa upande mmoja lifuate upande wa pili. Maelezo haya yanaonekana mepesi, lakini ndani yake mna jambo ambalo watumiaji wengi hawalitilii maanani mpaka mambo yanapoharibika: kinachosawazishwa si picha peke yake, bali pia kufutwa kwake, kuhamishwa kwake na kubadilishwa jina lake. Kwa sababu hiyo, anayetafuta hitilafu katika mfumo wa aina hii hana budi kujua kwanza nakala halisi ya kila picha iko wapi, kabla hajagusa kitufe chochote kinachoahidi kurekebisha.

Huduma inayochambuliwa hapa ni OneDrive ya Microsoft, iliyoanza mwaka 2007, ikajulikana kwa miaka kadhaa kama SkyDrive, kisha ikapewa jina la sasa mwaka 2014 baada ya kampuni ya utangazaji ya Uingereza, British Sky Broadcasting, kushinda kesi iliyohusu neno Sky. Imechaguliwa kwa sababu imo tayari ndani ya Windows 10 na Windows 11, na hivyo humkuta mtumiaji hata kama hakuitafuta. Hoja inayoongoza uchambuzi huu ni kwamba programu ya usawazishaji inapokaa kimya, mara nyingi haijaharibika, bali inatii sharti fulani ambalo mtumiaji aliliweka akalisahau, au ambalo liliwekwa kwa niaba yake, na kwamba kulitafuta sharti hilo kuna manufaa makubwa kuliko kuifuta programu na kuisakinisha upya.

Picha iliyopigwa kwa simu hupita vituo vitatu kabla ya kuonekana kwenye kompyuta: simu yenyewe, seva, na diski ya kompyuta. Mlalamikaji kwa kawaida huanzia kituo cha mwisho, ilhali kituo cha kukaguliwa kwanza ni cha katikati, ambacho hukaguliwa kwa kufungua akaunti kupitia kivinjari, yaani programu ya kutembelea tovuti, na kutazama kama picha ipo huko. Ikiwa haipo, kompyuta haina kosa lolote, na upekuzi uhamie kwenye simu, ambako sababu za kawaida ni mbili: mpangilio unaoruhusu kupakia picha kwa Wi-Fi tu, na utaratibu wa kubana matumizi ya betri unaozima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Ikiwa picha ipo kwenye seva, safari ya kwanza imekwisha salama, na kinachobaki ni kuuliza kwa nini haijashuka.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo linalowachanganya watu kuliko yote. Tangu Oktoba 2017 Windows 10 imekuwa na utaratibu ambao faili huonekana ndani ya folda pamoja na jina lake, tarehe yake na hata kijipicha chake, ilhali maudhui yake hayamo kwenye diski, na hupakuliwa pale tu mtumiaji anapoifungua. Utaratibu unaofanana na huo ulikuwamo katika Windows 8.1, ukaondolewa Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kisha ukarudishwa kwa umbo lililoboreshwa. Mtu anayeziona picha zake zote zimejipanga kwenye skrini huamini kwamba anazo, halafu anafika mahali pasipo na mtandao, anabofya, na hakuna kinachofunguka.

Alama ndogo zilizo kando ya majina ya faili husema ukweli ambao kijipicha hakiusemi. Wingu la buluu lina maana kwamba picha iko kwenye seva tu. Tiki ya kijani ndani ya duara jeupe ina maana kwamba picha imepakuliwa na kwa sasa imo kwenye diski. Tiki nyeupe ndani ya duara lililojaa kijani ina maana kwamba mtumiaji ameagiza picha hiyo ibaki kwenye kompyuta siku zote. Mishale inayozunguka ni kazi inayoendelea. Na duara jekundu ni faili iliyokataliwa. Asiyeamini alama anaweza kubofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua sifa zake, ambako ukubwa huandikwa mara mbili: kwanza ukubwa wa faili yenyewe, tuseme megabaiti 4, kisha nafasi inayochukuliwa kwenye diski, ambayo kwa picha yenye wingu la buluu husomeka baiti 0. Mistari hiyo miwili, ikisomwa kwa pamoja, humaliza ubishi mwingi. Hueleza pia kwa nini kunakili folda ya gigabaiti 30 kwenye flashi kunaweza kuchukua siku nzima: kompyuta hailazimiki kunakili tu, bali hulazimika kwanza kuzipakua picha zote kutoka kwenye seva, na bando likiisha katikati, nakala nayo inakatika.

Chanzo kingine cha mkanganyiko ni folda ya Pictures yenyewe. Mtumiaji anapoanzisha kompyuta mpya na kukubali kila anachoulizwa, OneDrive inaweza kuzihamishia folda za Desktop, Documents na Pictures ndani ya folda yake, kiasi kwamba picha zilizokuwa katika njia ya zamani, yaani anwani ya faili ndani ya diski, sasa zinapatikana kwenye njia yenye neno OneDrive katikati. Programu za kuhariri picha zilizozoea njia ya kwanza hudai kwamba faili zimepotea, ingawa hakuna iliyopotea. Matokeo yake mazito zaidi huonekana kwenye nafasi, kwa kuwa akaunti ya bure ina gigabaiti 5 tu, na folda ya picha ya familia huzijaza mapema. Tangu Februari 2023 viambatisho vya barua pepe za Outlook.com huhesabiwa pia ndani ya kiwango hicho, hivyo akaunti iliyofurika kwa picha za harusi inaweza kuacha kupokea barua pepe za kazini, jambo ambalo si rahisi kwa mtu kulihusisha na picha. Ukaguzi wa nafasi iliyobaki, ambao unachukua sekunde chache, ulistahili kuwa wa awali kabisa, lakini ni nadra kufanywa.

Sharti linalostahili kuchunguzwa kwa kina zaidi, hasa na msomaji wa Afrika Mashariki anayenunua intaneti kwa bando, ni lile la mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Windows hugawa miunganisho katika makundi mawili: ile inayochukuliwa kuwa haina ukomo, na ile ambayo kila megabaiti ina gharama yake. Muunganisho wa laini ya simu iliyomo ndani ya kompyuta huwekwa katika kundi la pili tangu mwanzo, ilhali Wi-Fi huwekwa humo na mwenye kompyuta, na wenye kompyuta wengi wamefanya hivyo kwa sababu nzuri kabisa, nayo ni kuzuia masasisho ya Windows yasimalize bando usiku mmoja. Kinachosahaulika ni kwamba OneDrive nayo husoma alama hiyo ya mtandao wa kipimo, na kwa mpangilio wake wa kawaida husitisha kazi mara inapoiona. Husitisha kazi pia pale kompyuta inapoingia katika hali ya kuokoa betri. Hivyo mtu aliyelilinda bando lake mwezi Januari huanza kulalamika mwezi Juni kwamba picha hazipandi, na akiuliza huambiwa asakinishe programu upya, hatua ambayo haibadilishi lolote kwa kuwa alama imo katika mipangilio ya mtandao wa Windows, si ndani ya OneDrive. Tiba ni kufungua ujumbe wa programu kwa kubofya wingu lililo kando ya saa, kusoma sababu iliyoandikwa, na kuchagua kuendelea licha ya kipimo, au kuiondoa alama hiyo kwenye mtandao wa nyumbani pekee na kuiacha kwenye ule wa simu.

Hata mtandao ukiwa hauna kizuizi, mwendo wake una hesabu ambayo haidanganyi. Kasi inayotangazwa na watoa huduma kwa kawaida ni ya kupakua, wakati kasi ya kupakia, ambayo ndiyo inayotumika picha zinapopanda, mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Picha na video za gigabaiti 12, zikipandishwa kwa kasi halisi ya megabiti 2 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya saa 13 mfululizo, kwa sababu baiti moja ni biti 8 na kazi nzima ni megabiti 96,000. Kompyuta inayofungwa kila jioni haitamaliza kazi hiyo kwa siku moja, na kaunta iliyosimama kwenye namba ileile kwa nusu saa pengine inashughulikia video moja ndefu. Kuizima na kuiwasha programu kila inapoonekana kukwama hakuongezi kasi.

Baada ya kuondoa sababu hizo za jumla, hubaki swali kama tatizo ni la mfumo mzima au la faili chache. Njia fupi ya kulijibu ni kuweka picha moja ndogo, yenye jina fupi na isiyo na historia yoyote, ndani ya folda ya OneDrive, kisha kuitafuta kwenye kivinjari baada ya muda mfupi. Ikipanda, barabara iko wazi, na kinachokwamisha ni faili fulani kati ya zile za zamani. Isipopanda, kosa liko kwenye akaunti, mtandao au programu. Jaribio hili linastahili heshima kuliko linavyopewa, kwa kuwa hugawa upekuzi nusu kwa nusu bila kuhatarisha chochote.

Faili zinazokataliwa huwa na sababu chache zinazojulikana. Njia nzima ya faili, ikihesabiwa pamoja na majina ya folda zote zinazoizunguka, haipaswi kuzidi herufi 400, na wapangaji makini wanaoweka folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina la tukio, mahali na tarehe, wanaweza kuufikia ukomo huo. Majina yenye nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza au mstari wima hayakubaliki, nayo huingia hasa kupitia faili zilizotoka kwenye kompyuta za Mac au Linux. Picha iliyo wazi ndani ya programu ya kuhariri inaweza kufungiwa mpaka programu hiyo ifungwe. Pale picha moja inapohaririwa kwenye kompyuta mbili kabla hazijawasiliana, OneDrive haichagui mshindi, bali huhifadhi zote mbili na kuongeza jina la kompyuta kwenye mojawapo, tabia ambayo watumiaji huiita kurudufu ovyo ingawa ndiyo inayowaokoa.

Hitilafu ya saa ni adimu, lakini inapotokea hupoteza muda mwingi. Kompyuta huthibitisha utambulisho wa seva kwa cheti cha kidijitali, yaani hati ya kielektroniki yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mwezi Septemba 2020 muda wa juu wa vyeti vipya vya tovuti za umma ulipunguzwa hadi siku 398. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huamka ikiamini kwamba bado ni mwaka uliokwisha pita zamani, huona cheti ambacho muda wake haujaanza, na hukataa muunganisho. Nenosiri hubadilishwa bure, kwa sababu si nenosiri lililokataliwa.

Zipo pia picha ambazo zimesawazishwa vizuri kabisa na bado hazionekani. Kamera na simu huandika ndani ya picha taarifa zinazoitwa EXIF, ambazo ni pamoja na tarehe na saa ya kupigwa, na mwonekano wa picha kwa mpangilio wa miaka hutegemea taarifa hizo. WhatsApp huziondoa taarifa hizo inapotuma picha kama picha ya kawaida, hivyo picha ya msiba wa mwaka 2016 iliyotumwa juzi huweza kujipanga katika wiki hii. Anayeitafuta katika mwaka wake hataipata, na atakuwa na hakika kwamba wingu limeimeza. Kutafuta kwa jina la faili kupitia folda, badala ya kupitia mpangilio wa miaka, humaliza shauri.

Inapobidi kurekebisha, mpangilio wa hatua una uzito kuliko hatua zenyewe. Kusitisha na kuendelea hakuna hatari. Kuiweka upya programu kwa amri ya onedrive.exe /reset hakufuti picha, bali huifanya programu isahau hesabu yake na kuikagua folda nzima tena, ingawa aliyekuwa amechagua folda chache tu za kusawazisha atalazimika kuzichagua upya. Kutenganisha kompyuta na akaunti ni hatua nzito zaidi, kwa sababu picha zenye wingu la buluu hutoweka kwenye folda mara moja, na mtu asiyelijua hilo huingiwa na hofu na kufanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Kufuta folda ili kuanza upya kabla ya kutenganisha ndilo kosa lenyewe, maana kufuta nako husawazishwa: picha huondoka kwenye seva na kwenye kila kifaa kilichounganishwa, na katika akaunti binafsi hubaki ndani ya pipa la taka la mtandaoni kwa siku 30 tu. Kwa hiyo picha zenye duara jekundu, ambazo huenda hazijafika kwenye seva kamwe, hunakiliwa kwanza kwenye folda iliyo nje ya OneDrive au kwenye diski ya nje, idadi yake ikalinganishwa na ya asili, ndipo amri yoyote ya kurekebisha itolewe.